Kabati la Wageni

Ngazi za Michenzani hazimwonei mtu haya.
Kila kilichomo humu ndani
kimepanda kwa kichwa changu au kwa shingo ya Khatibu:
ghorofa ya nne, vidato sabini na mbili.
Nimevihesabu nikiwa na mimba,
nikiwa na dumu la maji,
nikiwa nyuma ya kabati.

Kabati lilipandishwa na watu wanne na kamba.
La mvule, milango ya kioo, kitasa cha shaba.
Ndani yake sahani za maua ya buluu,
vikombe vya mdomo wa dhahabu,
birika lisilowahi kuonja chai.
Mama alinikabidhi akasema: za wageni.
Nikafunga. Ufunguo nikautia kijalubani.
Miaka kumi na tisa.

Msidhani wageni hawakuja.
Bi Sihaba wa jengo la pili huja kila Alkhamisi,
lakini Bi Sihaba si mgeni.
Shemeji wa Makunduchi alikuja, lakini alikuja na haraka.
Daktari mzima alikuja, siku ya msiba,
na nani hufungua kabati siku ya msiba?
Wote wakanywea plastiki,
nami nikaendelea kumngoja mwenye sahani zake.

Mwezi wa Shaabani bomba la juu likapasuka.
Maji, tunayoyabembeleza mferejini kutwa,
yakaja yenyewe usiku wa manane.
Tukatoa vitu vyumbani, ukumbi ukajaa,
tukatoa ukumbini, ngazi zikajaa,
majirani wakawa wanapita ubavu, kama kaa.

Ndipo nilipoiona nyumba yangu ikiwa nje ya nyumba.
Sare za harusi kumi na saba,
kila moja ya jioni moja:
ya zambarau, harusi ya Thuwaiba;
ya kijani, harusi ya nani vile?
Ndoa imeshavunjika, gauni lingali na lulu zake.
Makopo yasiyo na vifuniko.
Vifuniko visivyo na makopo.
Pasi tatu zinamngoja fundi aliyehamia Maskati.
Mifuko ndani ya mifuko ndani ya mfuko,
ile ile iliyopigwa marufuku, sisi tukaifuga.
Na doti ya kanga haijakatwa, ingali na harufu ya duka.
Nikalisoma jina lake: NILICHONACHO CHANITOSHA.
Chini yake zilikuwapo doti ishirini na sita.

Nikacheka peke yangu pale kidatoni
mpaka Khatibu akaniuliza, “Una nini?”
Nikamwambia, “Hilo ndilo suala.”

Sikutangaza kitu.
Sare zilikwenda Kikwajuni kwa fundi, zikarudi foronya.
Pasi zilikwenda kwa kilo.
Kanga nilizigawa, nikabakisha za kuvaa na ya kunizika.
Khatibu alikumbatia redio iliyokufa
ambayo marehemu baba yake alisikilizia mpira.
Nikamwacha nayo.
Mtoto haachishwi ziwa kwa kofi.

Kabati likashuka kama lilivyopanda, watu wanne na kamba.
Vyombo vikabaki.

Alkhamisi akaja Bi Sihaba.
Nikammiminia chai kikombe cha dhahabu.
Akakitazama, akakizungusha, hakunywa.
“Nani kafa?”
“Hajafa mtu. Umekuja wewe.”

Wiki ya pili mdogo wangu wa mwisho akavunja kimoja.
Nikasimama na ufagio nikiungoja uchungu.
Ulikuja, mdogo, kama yule shemeji wa Makunduchi,
haukukaa hata kitako.
Vimebaki kumi na moja.

Pale lilipokuwa kabati ukuta umekuwa mweupe kuliko kwengine,
mlango wa chokaa unaoelekea popote.
Watoto hulala hapo mchana, sakafuni, kwenye baridi.
Usiku tunatandika mkeka, sinia moja,
na anayechelewa kunawa hukuta upande wake wa wali umeshachimbwa.

Jana nilipanda na chumvi na kipande cha sabuni.
Vidato vilikuwa sabini na mbili vile vile.
Ila safari hii mkono mmoja ulikuwa mtupu,
nikaweza kushika ukuta.